Tangazo la Majaribio

Tulipomzika mama, Bwana Gama alikuja, na sikuwa nimemtegemea. Alishuka kwenye pikipiki akiwa na lile koti lake zito la Mbinga, joto la ziwani halimhusu, akajikongoja na fimbo akiwapita wazee waliokaa kwenye mabenchi, akanifuata moja kwa moja pale niliposimama na birika la chai. Nikamwamkia shikamoo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, si kwa sababu alistahili. Akaitikia marahaba, akaning'ang'ania mkono, akaniuliza kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia:

"Marehemu, safari hii tangazo ni la kweli?"

Waliojua kisa wakacheka. Wasiojua wakacheka pia, kwa sababu mzee wa upande wa Songea akifanya mzaha msibani watu huchukulia kwamba ni mtani wa familia, na mtani ana ruhusa ya kufanya vituko hata mbele ya jeneza. Unacheka, unampa chochote, mambo yanaendelea. Nikammiminia chai. Nikamwambia ndiyo, safari hii ni la kweli, na akae asije akaanguka. Tangazo lenyewe nilikuwa nimeliandika mimi, nikawatumia vijana wa redio kwa simu, wakalisoma na kuliingiza kwenye programu, na jina la mama likatoka zima kuanzia herufi ya kwanza. Hiyo nayo ni kazi ya mkono wangu. Ndani ya programu ile, katikati ya mistari mingi iliyoandikwa na watu wa mbali nisiowafahamu, kuna mstari mmoja niliouandika mimi mwaka ule wa Mbinga. Wamebadilisha kompyuta, wamebadilisha mameneja, mstari bado upo. Kila anayekufa kati ya Mbinga na ziwani jina lake linapita hapo. Mama alipokuwa hai nisingeweza kueleza mstari ule ulivyopatikana. Sasa naeleza.

Redio yetu ilikuwa kilimani nyuma ya mji, katika jengo lililowahi kuwa ghala la kahawa. Walikuwa wamepaka rangi na kubandika makasha ya mayai ukutani ili kuzuia mwangwi, lakini harufu ya kahawa haikutoka, na baridi ya Mbinga ikianza ilipanda kutoka kwenye saruji ikakukuta hata ukiwa umevaa soksi mbili. Mimi nilikuwa mtoto wa ziwani, kutoka Lundo, nina cheti kipya cha kompyuta na sweta moja. Nilipewa meza kwenye ujia, kati ya studio na chumba cha jenereta, kwa hiyo yote yaliyosemwa studio niliyasikia kupitia mlango usiofunga vizuri, na yote yaliyosemwa jikoni niliyasikia pia, kwa sababu jiko lilikuwa nje ya dirisha langu. Huko ndiko nilikojifunza kwamba naitwa "binti wa usipa", kwa jina la wale dagaa wa kwetu, na kwamba Bwana Gama, fundi mkuu, alikuwa amesema mwanamke akigusa mitambo lazima kuna kitu kitaungua. Nilikuwa nasikiliza huku nakunywa chai ya rangi na kiazi kitamu, na nikiingia kwao natabasamu. Siku hizi wasichana wangejibu. Nami sijivunii lile tabasamu, ila lilinipatia kazi kwa mwaka mzima.

Tangu wiki ya kwanza Bwana Gama aliniambia mimi ni mtani wake. Sikuwahi kusikia kwamba watu wa kwetu wana utani na watu wa kwao, na baadaye nilipowauliza wazee wa Lundo walikuna vichwa, wakasema hawajui utani huo umeanzia wapi. Lakini ukishaitwa mtani mbele za watu umefungwa mikono. Akiniita bubu wa maji, ni utani. Akiificha sweta yangu siku ya baridi nikatetemeka mpaka jioni, ni utani, na nikikunja uso ndiyo mimi sina adabu. Kwa mtani hakuna kukasirika, ndivyo alivyokuwa akisema, na wote walikubali kwa kichwa kama wanaitikia sala. Nimekutana na wakatili wengi maishani, wengine wana vyeo vikubwa, lakini sijamwona tena aliyepata kichaka kizuri kama kile cha kujifichia.

Kazi niliyoajiriwa ilikuwa programu ya kuendesha matangazo. Redio ndogo kama yetu haina watu wa kukaa studio kutwa. Programu inapangiwa saa, inacheza nyimbo, taarifa, na matangazo ya vifo, yenyewe. Programu nyingi mtu huzipata zikiwa tayari, kama mkate wa dukani. Ile tuliyoitaka ilikuwa programu huria, inatolewa bure, lakini ile iliyokuwa tayari ilizikataa kompyuta zetu, ambazo zilikuwa za msaada na zimechoka. Ikabaki njia moja. Waandishi wa programu huria hutoa pia msimbo chanzo, yaani yale maandishi yenyewe waliyoyaandika, na mwenye subira anaweza kuyachukua na kuijenga programu mwenyewe, ndani ya kompyuta yake, iikubali. Nilishuka mjini kwenye kibanda cha intaneti, nikaupakua ule msimbo kwenye flashi kwa siku nyingi, umeme ukikatika naanza upya, nikapanda nao kilimani nikiwa nimeushika mkononi, siuamini hata mfuko.

Mtu asiyewahi kujenga programu kutoka kwenye msimbo hudhani ni kuandika amri na kusubiri. Amri zenyewe ni chache. Ya kwanza inaikagua kompyuta na kukuambia nini hakipo, na kwetu hakikuwepo chochote. Programu ile iliegemea nyingine ndogondogo, maktaba kama tunavyoziita, na kila maktaba iliegemea nyingine, kwa hiyo kila nilipoandika amri ilisimama na kutaja jina la kitu kingine nisichonacho. Bi Kandida, mtangazaji wetu, Mmatengo wa kijiji cha Ruanda, hapo hapo Mbinga, mwenye sauti ambayo watu waliizimia redio nyingine, ndiye pekee aliyeniuliza nafanya nini. Nikamwambia ni kama mashamba yao ya ngolo kule milimani. Si mnakata majani kwanza, mnayalaza kwa mistari inayokatana, halafu ndiyo mnafukia udongo juu na kupanda? Akasema ndiyo. Nikamwambia basi mimi bado niko kwenye majani. Akacheka, akaniletea kipande cha boga la kuchemsha, na kuanzia siku ile kila asubuhi alinisalimia kwa kuniuliza kama nimeshaanza kufukia.

Juu ya meza ya Bwana Gama kulikuwa na kengele ndogo ya shaba. Zamani Bi Kandida aliipiga hewani kabla ya kila tangazo la kifo, watu wanyamaze, wazee wavue kofia. Programu ilipokuwa inakuja, Bwana Gama alisema kengele ni mambo ya kizee, mashine haihitaji kengele, akaichukua ikawa kichezeo chake. Nilipopata kosa alikuja nyuma yangu, akalisoma lile kosa la Kiingereza kwa sauti ya kutangaza kifo, kisha akapiga kengele. "Msiba," anasema. Watu wanatoka vyumbani kuja kuangalia. Nilijenga programu ile kwa miezi mingi, na kengele ile niliisikia hata nikiwa nimelala katika chumba tulichopanga na mdogo wangu Romana, aliyekuwa anasomea uuguzi pale pale mjini. Romana hakujua lolote kuhusu kompyuta, lakini alinifunika blanketi lake bila kuniamsha. Nalisema hili ili ijulikane kwamba yeye hakunikosea kitu, si wakati ule wala leo.

Siku ujenzi ulipofika mwisho bila kusimama, hapakuwa na mtu nyuma yangu. Mistari ilikimbia juu ya kioo mpaka ikaisha, kompyuta ikanyamaza, nikaandika amri ya kusimika, nikafungua programu, ikafunguka. Nilikaa pale nikiitazama huku machozi yananitoka. Nilimwita Bi Kandida, akaja akanikumbatia, na kelele zake zikamleta Bwana Gama. Aliitazama programu. Kisha akasema lazima ijaribiwe na tangazo la kifo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake kubwa, na kwa kuwa hakuna aliyekufa siku ile, tumtafute wa kufa. Alichukua kalamu, akaandika, akampa Bi Kandida. Bi Kandida akasoma kimoyomoyo, akasema hapana, hili sitalisoma. Bwana Gama akamwambia ni mtani wangu, shida yako ni nini? Nami, kwa lile tabasamu langu, nikamwambia asome tu, tumalize.

Akasoma, tukamrekodi ndani ya programu. Nalikumbuka neno kwa neno: "Tekla Ndomba. Binti wa marehemu Kaspari Ndomba wa Lundo, aliyekuwa akiishi Mbinga mjini, amefariki dunia ghafla leo alfajiri. Mipango ya mazishi inafanyika nyumbani kwao Lundo." Ndivyo matangazo yetu yalivyokuwa, jina kwanza, kwa sababu anayelima hasikii sentensi ndefu; anasikia jina, anasimamisha jembe, ndipo anasikiliza mengine. Bi Kandida hakuwa na sauti mbili. Alinisoma kama alivyowasoma wafu wote, taratibu, kwa heshima, na chumba kizima kilicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka. Bwana Gama alisema atalifuta. Alilisahau au aliliacha, sijui mpaka leo, na nimeacha kujiuliza.

Uzinduzi ulikuwa na wageni, maturubai, soda na pilau. Tangu asubuhi programu ilikuwa hewani yenyewe, na watu wa redio wote walikuwa uwanjani wakipanga viti, kwa hiyo matangazo ya vifo ya asubuhi yalipita bila mmoja wetu kuyasikiliza. Kitu cha kwanza kilichotufikia kilikuwa simu ya mtu wa Ruanda, mwenye msiba wa mama yake. Hakugomba. Alisema kwa upole kwamba tangazo lake limetoka halina kichwa, watu wanampigia kuuliza ni nani aliyekufa, na kwamba tumemzika mama yake bila jina. Nilikimbilia kwenye meza yangu. Tulikuwa tumeijaribu programu kwa nyimbo siku zote, lile tangazo langu tulilirekodi tukacheka bila kulicheza, na wimbo ukikatwa kichwa hakuna anayejua. Kumbe kila faili jipya lilipoanza, kadi ya sauti ilikuwa bado imesinzia. Programu inamwaga sauti, kadi ndiyo kwanza inaamka, na yale maneno ya mwanzo yanapotelea hewani. Ingekuwa kengele bado inapigwa, ingekatwa kengele, majina yangebaki. Kwa kuwa kengele ilikuwa mezani kwa Bwana Gama, yalikatwa majina.

Hapo ndipo nilipouona uzuri wa kuwa na msimbo. Programu ya dukani ingeharibika ningeipigia magoti. Hii niliifungua, nikatafuta mahali inapoiita kadi ya sauti, nikasoma, nikasoma tena, na nikaongeza mstari mmoja: ukishaiita, subiri kidogo, ndipo uanze. Nikaijenga upya, nikaisimika upya, wageni wakipiga makofi kule nje kwa hotuba ya mtu. Matangazo ya mchana yalipoanza nilivaa vipokea sauti. La kwanza lilikuwa la yule mama wa Ruanda. Jina lake likatoka zima, jina la ubatizo na la ukoo, zuri kabisa. Nilivua vipokea sauti nikasimama. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile kazini, hata baadaye nilipokuwa na ofisi yenye jina langu mlangoni. Nilienda uwanjani kumweleza Bwana Gama, akaninong'oneza kwamba sahani za pilau ni za wageni, niende nikale kwa mama ntilie.

Nikaenda. Nilikuwa nimekata tonge la kwanza la ugali, redio ya mama ntilie iko juu ya kabati la sahani, nikasikia Bi Kandida anasema Tekla Ndomba. Alisema yote, mpaka mwisho. Mama ntilie alinijua kwa sura tu, jina langu hakuwahi kuliuliza. Alitikisa kichwa, akasema maskini, bado binti mdogo huyo, akaniongezea maharage. Nilibaki nimeshika tonge. Kisha nikaelewa kwamba lile lilikuwa tangazo la mchana, na kwamba matangazo huchezwa pia asubuhi, na kwamba asubuhi mstari wangu haukuwepo. Nyumbani walikuwa wamesikia mara mbili. Mara ya kwanza walisikia kwamba binti wa marehemu Kaspari Ndomba, anayeishi Mbinga mjini, amekufa. Mabinti hao tulikuwa wawili.

Simu ya mama haikupatikana. Kule mtandao uliushika ukipanda jabali la nyuma ya shule. Nilirudi redioni mbio, nikamvuta Bwana Gama pembeni ya turubai, nikamwambia tangazo lisahihishwe sasa hivi. Kwanza alicheka kwa dhati, akajifuta macho. Halafu akawaangalia wageni wake, akaona wanasikiliza redio kubwa iliyowekwa juu ya meza yao, uso ukabadilika. Alisema tutasahihisha jioni, wageni wakishaondoka. Nikamwambia mama yangu analia. Ndipo aliponiambia maneno ambayo sijawahi kuyasamehe.

"Wewe si uko hai? Basi nenda ukaonekane."

Bi Kandida alikuwa anasema yeye alikataa, yeye alikataa. Nikamwomba aende chuoni kwa Romana, nikashuka barabarani. Nilipata Fuso la mahindi linaloteremka ziwani, abiria tumekaa juu ya magunia. Tulipopita njia ya Kingerikiti akapanda mama mmoja na kikapu cha unga wa muhogo, akajibana karibu nami, na mazungumzo yakaanza. Alikuwa anakwenda msiba wa Lundo, kwa yule mama aliyefiwa na binti. Alimfahamu mama yangu kwa mambo ya kanisani. Alisema ameambiwa na waliotoka huko kwamba asubuhi ilikuwa mateso, hawajui ni yupi kati ya wale wawili, mama wa watu amekaa na redio mapajani anasubiri saa sita kama mtu anayesubiri hukumu. Abiria wakauliza maswali. Alisema ni yule mkubwa, wa kompyuta. Yule muuguzi yuko salama. Mmoja akasema hizo kompyuta zina mionzi. Nilijifunika kanga mpaka puani nisiseme kitu, kwa sababu ukimwambia mtu juu ya gari linaloteremka mlima kwamba wewe ndiye maiti, anaweza kuruka. Tuliposhuka, kikapu chake kilikuwa kizito, nikambebea. Niliingia kijijini kwetu nimejitwika unga wa msiba wangu.

Jua lilikuwa bado halijazama. Wanaume walikuwa nje kwenye mabenchi, wanawake wamejaa ndani wanasali rozari, na niliogopa kutokea mbele nikaangusha mtu. Nilimwacha yule mama atangulie, nikazunguka kwenye mihogo nitokee nyuma ya jiko. Jiko letu lilikuwa la matete, na moshi wa kuni mbichi ulipenya katikati yake. Kwa upande wa pili walikuwa wamemtoa mama kumnawisha uso. Nilimsikia mama mdogo anamimina maji, anamwambia dada jikaze, Mungu ndiye aliyetoa. Nilitaka kuita. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ndipo mama akasema, kwa sauti ya chini, ya kawaida kabisa, kama anayesimulia habari za shambani:

"Asubuhi nilipiga magoti. Nilisema, Bwana, kama ni lazima, asiwe Romana. Amenisikia."

Mama mdogo akamwambia nyamaza dada, usiseme hivyo. Mama akajibu kwamba anasema kwake tu, mbele ya watu atalia inavyotakiwa. Maji yakamiminwa tena. Nilisimama kwenye ile mihogo mpaka walipoingia ndani. Nilikuwa nafikiri jambo la kijinga sana: nilikuwa nafikiri kwamba asubuhi, kabla ya mstari wangu, aliomba hajui, na kwamba kama ningekuwa fundi mbovu, kama ningeshindwa kulipata lile kosa, angekaa hajui mpaka jioni, na jioni wangesahihisha, na sala ile isingejibiwa na mtu. Mimi ndiye niliyemjibu. Niliijenga programu kwa mkono wangu, nikaitengeneza mahali palipokatika, nikampelekea jina langu zima mpaka mapajani kwake, naye akamshukuru Mungu.

Nilipotokea mlangoni palikuwa na mayowe ambayo kijiji bado kinayasimulia. Bibi mmoja alikimbia akavunja ungo. Mama aliponiona alianguka, akainuka, akanishika uso kwa mikono miwili, akalia akiniita mwanangu, mwanangu, na machozi yake yalikuwa ya kweli, sikatai. Chakula kilichopikwa hakiwezi kumwagwa, kwa hiyo tulikaa wote tukala, ugali wa muhogo na usipa wa kukaanga, watu wakishukuru na kunigusa kuhakikisha nina joto. Nilikula msibani kwangu nikashiba. Kesho yake Romana alifika na gari la asubuhi. Mama alikuwa anafagia uwanja. Aliutupa ufagio, akakimbia, na kanga ikamdondoka njiani asiiokote. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini naona. Jana yake mtu aliyetoka kuzimu nilikuwa mimi.

Nilirudi Mbinga kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda, na kwa sababu programu ile ilijulikana na mimi peke yangu. Bwana Gama alinipokea mlangoni kwa kupiga kengele. "Marehemu ameamka," akasema, na jina likanishika. Niliitwa Marehemu mpaka nilipoondoka mwisho wa mwaka. Walionipigia simu kuomba msaada waliniita hivyo. Bosi mpya aliyenipenda aliniita hivyo akidhani ni heshima. Bi Kandida peke yake aliendelea kuniita Tekla, na kila aliponiita alitazama chini. Bwana Gama hakuwahi kuomba msamaha. Mtani haombi. Nami sikumwambia, wala simwambii mtu yeyote aliyecheka pale msibani, kwamba kosa la Bwana Gama mwenyewe lilikuwa dogo tu. Alitangaza kifo ambacho hakikuwepo. Nilichokisikia nyuma ya jiko kilikuwepo siku zote, yeye alikipigia kengele tu.

Romana alipata kazi Dar es Salaam, akaolewa huko, akawa anakuja kwa mwaka mara moja na zawadi nzuri. Niliyerudi Lundo kumuuguza mama ni mimi, wala nisisifiwe kwa hilo. Mkubwa ndiye hurudi. Kumbukumbu zilianza kumtoka taratibu, kwanza majina ya majirani, halafu miaka, halafu mimi. Miezi ya mwisho aliniita Romana. Mwanzoni nilimsahihisha, kisha nikaacha, nikawa naitika abee mama, kwa sababu akiitikiwa na Romana alikula, na akiambiwa ni Tekla alifunga mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Nilimwogesha kama Romana, nikamsuka kama Romana. Aliniambia mimi ndiye mtoto aliyemfaa. Wiki aliyofariki nilikuwa namlisha uji wa ulezi, kijiko kidogo kidogo, redio iko dirishani inasoma matangazo ya vifo ya mchana, majina yanatoka mazima, moja baada ya jingine. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanitazama kwa macho makavu, ya mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Romana," akasema, "dada yako alikufa. Nilimlilia?"

Nilikuwa nimeshika kijiko. Ningeweza kumwambia lolote. Hapakuwa na mtu mwingine ndani.

"Hapana, mama," nikamjibu. "Ulishukuru."

Akawaza kidogo. Kisha akafungua mdomo, akasubiri kijiko kingine, nami nikampa.